Jina Hili Halipo

Sista, muuguzi wa zahanati yetu ya Kibera, alinipigia simu Jumanne saa mbili na robo asubuhi. Nilikuwa bado nyumbani Gatina, ghorofa ya tatu, nikisubiri maji yachemke. Alinisalimia kama kawaida, akaniuliza kama nimeamka salama. Nilisikia karani akiita wagonjwa nyuma yake.

"Hii kompyuta inasema sina jina," akasema. "Nimejaribu mara tatu. Sasa imenifungia. Inasema niongee na ofisi."

Niliona aibu kabla sijafikiri lolote. Ili mtu aelewe aibu hiyo, ni lazima nieleze kazi niliyokuwa nikiifanya.

Shirika letu lilikuwa na zahanati mbili, moja Kongo, kule Kawangware, na nyingine Kibera, katika kijiji cha Raila. Mimi ndiye niliyetunza kompyuta za zote mbili. Majina ya wafanyakazi wote yalikaa kwenye seva moja, kompyuta inayohudumia nyingine, iliyokuwa Kongo, ndani ya kabati lenye feni. Hiyo ndiyo tuliyoiita orodha kuu. Muuguzi wa Raila akiandika jina lake na neno la siri, kompyuta ya Raila huuliza orodha kuu kupitia mtandao: unamjua huyu? Anaruhusiwa kufungua faili za wagonjwa? Anaruhusiwa kutoa dawa? Orodha ikijibu ndiyo, kazi inaanza. Programu ya kuuliza swali hilo niliiandika mimi, juu ya maktaba ya programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, ambayo watu wengi duniani huitumia kwa kazi hiyohiyo.

Mwezi mmoja kabla ya simu ile, ofisi ilikuwa imewaachisha kazi watu watatu wa Kongo. Bosi alinitumia ujumbe jioni, nifute majina yao kwenye orodha kabla ya asubuhi. Nilidhani wameshaambiwa. Kumbe hawakuwa wameambiwa. Walifika kazini, wakakaa kwenye viti vyao, wakaandika majina yao, na kompyuta ndiyo iliyowapa habari. Mmoja wao, mama wa maabara, aliandika jina lake pole pole, herufi moja moja kwa kidole kimoja, akidhani amekosea. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikumwambia kitu.

Kwa hiyo sista aliponiambia kompyuta inasema hana jina, niliamini mara moja kwamba ofisi imemfuta. Mtu wa ofisini aliyeshughulikia wafanyakazi naye alikuwa na uwezo wa kufuta jina bila kupitia kwangu. Ningeweza kufungua orodha kuu kwa simu yangu na kuangalia. Ni kazi ya dakika moja. Sikuangalia. Niliogopa kuona nafasi tupu mahali pa jina lake, halafu iwe ni mimi tena wa kumwambia.

"Sista," nikasema, "kama inasema hauko, ongea tu na ofisi. Mimi sina la kufanya."

"Kwa hivyo ni kweli."

"Ongea na ofisi, sista."

"Miaka tisa," akasema. Hakusema kwa hasira. "Sawa. Asante kwa kuniambia." Akakata simu.

Nilimimina chai na sikuweza kuinywa. Nilimpigia bosi, simu yake ilikuwa imezimwa. Siku hiyo alikuwa kwenye mkutano nje ya jiji. Nikaenda kazini Kongo, nikafungua kompyuta yangu, na bado sikuangalia orodha. Nilijipa kazi nyingine. Nilibadilisha wino wa printa ambayo haikuwa imeishiwa wino.

Karani wa Raila, msichana aliyekuwa na sauti ya juu siku zote, alinipigia saa nane mchana. Mara hii sauti yake ilikuwa chini mno hata nikamwomba arudie.

"Sista alienda asubuhi," akasema. "Aliweka funguo kwa meza akatoka. Sasa kuna mama alikuja na mtoto, yule wa selimundu. Mtoto alikuwa analia mpaka sauti imeisha. Anashika miguu. Mama ananiuliza sista yuko wapi, namwambia hayuko. Mimi siruhusiwi kufungua faili, siruhusiwi kushika dawa. Nimempigia sista, simu imezimwa."

"Daktari?"

"Daktari ni Jumatatu na Alhamisi."

"Na mtoto sasa yuko wapi?"

"Mama alimbeba mgongoni akaenda naye. Sijui wapi. Auntie, yule mtoto alikuwa ameanza kupumua vibaya."

Ugonjwa wa selimundu hushika damu. Chembe za damu hujipinda na kukwama kwenye mishipa, na maumivu yake watu wazima huyalilia. Mtoto huyo, msichana wa miaka sita, alikuwa mgonjwa wa sista tangu akiwa mchanga. Sista alijua kipimo chake cha dawa, alijua dawa moja ya maumivu ambayo ilimfanya avimbe uso, alijua kwamba mshipa wa mkono wa kulia haupatikani hata ukitafuta vipi. Yote hayo yaliandikwa kwenye faili, na faili ilikuwa kwenye kompyuta iliyomkataa.

Hapo ndipo nilipofungua orodha kuu.

Jina la sista lilikuwepo. Lilikuwa palepale lilipokuwa siku zote, na ruhusa zake zote. Hakuna mtu aliyeligusa. Nililisoma mara nyingi. Nilitoka nje ya chumba, nikasimama ukutani karibu na tangi la maji, kisha nikarudi ndani.

Nilijaribu kuingia kwa kompyuta ya Kongo. Niliingia papo hapo. Nikajaribu tena, na tena, mara ishirini, na kila mara orodha ilijibu kabla sijaondoa kidole. Hitilafu haikuwepo. Nilimpigia sista, simu imezimwa. Nilimtumia ujumbe: Sista, haukufutwa, tafadhali rudi. Ujumbe haukufika. Nilimwomba karani amtafute nyumbani, akaniambia amekwenda, mlango umefungwa, majirani wanasema alipita amebeba mfuko akielekea stejini kupanda matatu, labda kwa dada yake. Kuhusu yule mama na mtoto hakuna aliyejua kitu. Nilirudi Gatina jioni nikiwa na simu mkononi. Mume wangu aliniuliza kuna nini, nikamwambia mtandao wa Raila una shida. Ndivyo nilivyosema, mtandao.

Asubuhi iliyofuata nilichukua boda hadi Kibera, nikateremka juu barabarani, nikashuka kwa miguu hadi Raila. Zahanati ilikuwa bado imefungwa. Karani alikuja na funguo, akafungua, akaniachia kiti cha sista. Kulikuwa na sweta yake nyuma ya kiti. Niliketi bila kuiegemea.

Niliandika jina langu na neno langu la siri. Mduara ukazunguka. Sekunde mbili, kisha maandishi mekundu: Jina hili halipo.

Maneno hayo niliyachagua mimi. Wakati nikitengeneza programu nilijivunia kuwa ujumbe wote ni wa Kiswahili, ili mtu asihangaike na tarakimu na Kiingereza cha mafundi. Niliandika tena. Jina hili halipo. Mara ya tatu: Umefungiwa. Ongea na ofisi.

Mimi mwenyewe, niliyeitengeneza, na jina langu nililolijua liko kule Kongo, niliyaamini maandishi yale. Nikafikiri, wamenifuta na mimi. Fikra hiyo ilikaa kama sekunde tano. Sista alikaa nayo siku nzima.

"Yako pia imekataa?" karani akauliza. Alikuwa anafagia. "Mimi jana ilinikataa mara mbili, halafu ikaingia. Nilifikiri ni vidole."

"Jana saa ngapi?"

"Tu baada ya sista kujaribu. Yeye mara tatu, mimi mara mbili. Ya tatu ikaniingiza."

Tatu na mbili. Nikajaribu kuingia kwa jina la majaribio nililokuwa nalo. Likakataa mara mbili. Mara ya tatu likaingia, haraka kabisa, kana kwamba hakukuwa na tatizo lolote duniani. Tano zimekataliwa, ya sita imekubaliwa. Hapo nikajua, kwa sababu namba tano niliiweka mimi.

Kompyuta ya Raila haikuwa ikianza mazungumzo mapya na Kongo kila mtu alipotaka kuingia. Hiyo ingechelewesha. Maktaba ile iliweza kuweka njia kadhaa za mawasiliano zikiwa wazi, tayari kwa kutumika, nami niliiambia iweke tano. Jumatatu jioni fundi wa mtandao alikuwa amebadilisha rauta ya Raila, kile kifaa kinachounganisha kompyuta na mtandao. Ile mpya ilikuwa na tabia ambayo ya zamani haikuwa nayo: njia ikikaa kimya kwa muda, inaikata bila kumwambia mtu yeyote. Usiku zahanati imefungwa, hakuna anayeuliza kitu, njia zote tano zikakatwa. Asubuhi kompyuta iliamini bado inazo. Kila mtu aliyejaribu kuingia alipewa njia moja iliyokufa. Swali lake lilitumwa pasipo na mtu wa kulipokea, likangoja, muda ukaisha. Njia hiyo ikatupwa, na aliyefuata akapewa nyingine iliyokufa. Baada ya tano, mpya ikafunguliwa, mambo yakawa sawa. Na mimi niliamuru mtu afungiwe akikosea mara tatu.

Wa kwanza kufika Raila kila siku alikuwa sista.

Yote hayo bado yangekuwa hitilafu ndogo kama si mistari miwili. Niliifungua programu kwenye laptop yangu, nikaitafuta, nikaipata. Zamani sikuwa nimeweka kikomo chochote cha kungoja. Maktaba ile usipoiwekea kikomo hungoja jibu milele, na wauguzi walilalamika kwamba mduara unazunguka hadi wanazima kompyuta. Nikaweka sekunde mbili. Muda ukiisha, maktaba hurudisha namba ya kosa. Ina namba ya muda uliokwisha, ina namba nyingine ya seva isiyopatikana, na ina namba tofauti kabisa ya jina ambalo halipo. Waliotengeneza maktaba ile walikuwa waangalifu, kila shida waliipa namba yake. Mimi sikuzisoma. Siku niliyoandika mistari ile nilitaka kumaliza. Niliandika kwamba kukitokea kosa lolote, rudisha orodha tupu. Na mstari uliofuata ulisema kwamba orodha ikiwa tupu, mwambie mtu jina lake halipo.

Kwa maneno mengine, sista aliuliza kama anajulikana, na hakuna aliyemsikia. Nami nilikuwa nimeagiza ukimya huo usomwe kama hapana.

Kwenye kumbukumbu za kompyuta namba ya kosa ilikuwa imeandikwa, Jumanne, mara tano mfululizo. Muda umekwisha. Ningeangalia sista aliponipigia, ningeiona.

Karani aliniuliza kwa nini nalia. Nikamwonyesha ile namba kwenye skrini.

Nilikuwa bado nimekaa pale sista alipoingia. Hakuja kazini, alikuja kuchukua sweta. Alikuwa amevaa nguo za nyumbani na kitambaa kichwani, macho yamevimba. Aliniona kwenye kiti chake akasimama mlangoni.

"Ni wewe umepewa nafasi yangu?"

"Hapana, sista. Sista, haukufutwa. Jina lako liko. Halikutoka hata siku moja."

"Na ile ilisema nini?"

"Ilikosa jibu. Mtandao ulikatika, ikakosa jibu, na mimi niliandika vibaya. Ikikosa jibu inasema hauko. Ni makosa yangu. Na simu, nilipaswa kuangalia, sikuangalia. Nilidhani ni ofisi."

Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na ningeona afadhali. Lakini karani, aliyekuwa ameshika ufagio, alisema kwa sauti ndogo, "Sista, jana mtoto wa selimundu alikuja."

Sista alinigeuzia mgongo kana kwamba simo tena chumbani. "Saa ngapi?"

"Saa sita."

"Alikuwaje?"

"Miguu. Na kifua."

"Kifua?" Akachukua mfuko wake. "Kifua na hamkunitafuta?"

"Simu yako ilikuwa imezimwa, sista."

Alitoka, nami nikamfuata bila kuambiwa. Alitembea haraka katikati ya nyumba, akiruka mitaro bila kuangalia chini, akisalimiwa huku na huku bila kuitikia. Nilikuwa nyuma yake nikijikwaa. Tulifika kwenye mlango wa mabati uliopakwa rangi ya samawati, una kufuli. Sista aliigusa ile kufuli, akaishika tu mkononi.

Jirani mmoja aliyekuwa akianika nguo akatuambia, "Walienda hosi kubwa jana. Hawajarudi."

"Mtoto alikuwa anaongea?"

"Alikuwa ananyamaza tu, sista. Mimi nilisaidia kumbeba mpaka kwa boda. Alikuwa mzito."

Sitaki kusema mengi kuhusu safari ya kwenda hospitali kubwa. Tulipanda boda moja, sista katikati na mimi nyuma. Nilikuwa nikiomba, kisha naacha katikati kwa sababu nilikuwa sijui niombe kwa niaba ya nani, ya mtoto au yangu. Niliwaza kwamba kama mtoto amekufa nitamwambia mama yake. Kisha nikawaza kwamba sitaweza. Niliwaza hata kumwambia dereva asimame nishuke.

Tulimkuta wodi ya watoto, kitanda kimoja na mtoto mwingine, ana mpira wa oksijeni puani. Alikuwa hai. Mama yake alikuwa amekaa chini sakafuni, kichwa amekilaza kwenye ukingo wa kitanda. Sista alipita moja kwa moja hadi kwa mtoto, akamshika shavu, akamwita kwa jina la utani alilompa mwenyewe. Mtoto akafungua macho. Uso wake ulikuwa umevimba.

"Wamempa ile dawa," sista akasema.

"Niliwaambia kuna moja anakataa," mama akasema, bila kuinua kichwa. "Waliniuliza inaitwaje. Sikukumbuka. Nilisema iko kwa faili, kwa zahanati. Sikukumbuka, sista. Walingoja, walingoja, halafu wakampa tu."

Sista alimtafuta daktari wa wodi, akamtajia kila kitu kwa kichwa: jina la dawa, vipimo, mara ngapi ameongezewa damu, mkono upi. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya uchovu, aliandika haraka na kumshukuru. Walibadilisha dawa saa hiyohiyo.

Mama aliniona nimesimama. "Na huyu ni nani?"

Sista hakunisaidia. Nilichuchumaa ili tuwe sawa. Nikamweleza, nikitumia maneno rahisi kadiri nilivyoweza, kwamba kompyuta ilikosa kuunganishwa, na badala ya kusema haijui, ikasema sista hayupo kazini. Kwamba mimi ndiye niliyeiandika iseme hivyo.

Alifikiri. "Sista alikuwa amekaa hapo mbele yake?"

"Ndiyo."

"Na ikasema hayuko."

"Ndiyo."

"Na wewe ukakubaliana nayo."

Nikasema ndiyo. Mama aligeuka akaanza kumpepea mtoto kwa kipande cha karatasi, ingawa wodi haikuwa na joto. Nilibaki nimechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi, kisha nikainuka nikaenda kusimama nje.

Mtoto alikaa hospitali siku tisa. Uvimbe ulitoka. Kifua kilichukua muda mrefu zaidi, na sista aliniambia baadaye kwamba kifua kingeweza kumuua, kwamba saa zile kati ya adhuhuri na kulazwa ndizo zilizokuwa mbaya. Alinieleza bila kunilaumu, kama anavyomweleza mwanafunzi wake. Ilinichoma kuliko lawama.

Mchana wa siku ile tuliyokwenda hospitali nilirudi Raila nikasahihisha. Nilitenganisha majibu. Njia ikiwa imekufa, programu ijaribu tena kimyakimya kwa njia mpya kabla ya kumsumbua mtu. Muda ukiisha, iseme: Mtandao haujibu, jaribu tena, si kosa lako. Kosa la mtandao lisihesabiwe kwenye zile mara tatu. Na maneno "Jina hili halipo" yaandikwe pale tu ambapo orodha kuu yenyewe imejibu kwamba halipo. Ilikuwa mistari kumi na minne. Niliihesabu kwa sababu sikuamini.

Bosi aliporudi nilimweleza yote. Alinisikiliza vizuri, ni mtu mpole. Kisha akanishauri niandike kwenye ripoti kwamba kulikuwa na hitilafu ya mtandao kufuatia kubadilishwa kwa rauta. "Si uongo," akasema.

"Si uongo," nikamjibu, "lakini silo lililotokea." Niliandika lililotokea, pamoja na ile simu ya saa mbili na robo. Nikaongeza kwamba hakuna mfanyakazi anayepaswa tena kujua ameachishwa kazi kupitia kompyuta, na kwamba mimi sitafuta jina la mtu ambaye hajaambiwa. Hakujibu sehemu hiyo. Mkataba wangu ulipokwisha mwaka huo haukuendelezwa, na sababu sikuambiwa. Labda ilikuwa hiyo, labda sivyo.

Sista alirudi kazini baada ya wiki mbili. Hakurudi kwa sababu yangu wala ya bosi. Wagonjwa walikuwa wameanza kumfuata nyumbani, wanapanga foleni mlangoni kwake. Alinunua daftari gumu na ndani yake akaandika kwa mkono wagonjwa wake wa hatari, dawa zao na wanazozikataa, na akamfundisha karani kulisoma. Nilimsaidia kuchora mistari. Tulikaa mezani pamoja mchana mzima, tukaongea mambo ya kawaida, bei ya omena, binti yake aliyekuwa anafanya mtihani. Niliposema tena kwamba naomba msamaha, aliweka kalamu chini.

"Ulipokuwa unaandika hiyo kitu," akaniuliza, "ulikuwa unamfikiria nani amekaa mbele yake?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa namfikiria mtu yeyote. Nilifikiria ule mduara uache kuzunguka.

Akatikisa kichwa pole pole, akachukua kalamu, akaendelea kuandika jina la mgonjwa aliyefuata.